Kipwe Anayejiitikia

Baba aliniamkia shikamoo kwa mara ya kwanza nikiwa na miaka minne au mitano. Alikuwa amerudi likizo kutoka Kisaki kwa lori, vumbi limemjaa mpaka kwenye nyusi, na mimi nilikuwa nimekaa kwenye ngazi ya mlango wa nyuma nikila kiporo cha muhogo. Alivua kofia, akainama mbele yangu, akasema kwa heshima zote, "Shikamoo, mama."

Nilimwangalia tu. Muhogo ulikuwa umejaa mdomoni.

"Sema marahaba, mwanangu," aliniambia kwa kunong'ona.

Nikasema, "Marahaba, mwanangu." Baba alicheka mpaka akakaa chini kwenye mchanga na suruali yake ya kazi.

Sababu ya mchezo ule ilikuwa jina langu. Kwetu Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na mashamba nayo yanafuata njia hiyohiyo, kwa hiyo baba hana mengi ya kumpa mwanawe zaidi ya jina. Baba alinipa la mama yake mzazi, aliyefariki kabla sijazaliwa. Na akishampa mtu jina la mama yake, atamwitaje? Hakuniita kwa jina hilo hata siku moja. Niliitwa mama tangu nikiwa natambaa, na kila aliporudi kutoka kazini niliamkiwa kwanza mimi, ndipo nikamwamkia yeye, na wote wawili tukaitikiana bila kucheka. Atakayecheka kwanza ndiye ameshindwa.

Mama hakuupenda mchezo huo. "Unamfundisha mtoto utovu wa adabu," alisema. "Kesho atadai shikamoo za mtaa mzima." Na kweli nilidai. Siku moja nilisimama mbele ya mzee mwenye duka la mafuta ya taa, nikamsubiri aniamkie. Mama alinipa kofi moja la kiasi, na kuanzia hapo mchezo ukabaki wa nyumbani.

Kazi ya baba ilikuwa kushika bendera kwenye kituo cha reli kule Kisaki. Nikiwaambia watu hivyo wanafikiri ilikuwa kazi ya pilikapilika. Treni zilikuwa chache na zote zilichelewa, na kati ya treni moja na nyingine kulikuwa na pori, kibanda cha bati na ndege. Wenzake walicheza bao. Baba alisikiliza ndege. Hakuwa na darubini wala kitabu, na wengi wao aliwajua kwa sauti kabla hajawajua kwa sura. Kila sauti alikuwa ameitafutia maneno. Hua alikuwa analalamika asubuhi nzima, "Kapu kuukuu, kapu kuukuu." Tipitipi hakuwa na maneno, alikuwa anamimina maji kutoka kwenye chupa yenye shingo nyembamba, na ukimsikia anamimina sana ujue mvua inakuja, anika nguo zako ndani. Kunguru hakutafutiwa neno lolote kwa sababu, alisema baba, huyo ana maneno ya kutosha.

Akiwa likizo alinichukua asubuhi, tukapanda njia inayoanza nyuma ya Kilakala na kupandisha mlimani. Mama alitufungia viazi vitamu kwenye kitambaa na kututania mlangoni, "Haya, nendeni mkawasalimie wajomba zenu." Mama alikulia kwenye mpunga, huko Dakawa, na katika utoto wake likizo maana yake ilikuwa kuamia ndege. Alikaa juu ya dungu kuanzia alfajiri na debe bovu na kombeo, akipiga kelele mpaka sauti inakauka, kwa sababu kweleakwelea wakitua kwenye mpunga ulioiva nyumba nzima italala njaa. Halafu akaolewa na mtu anayewatafuta ndege makusudi ili awasikilize. Alisema Mungu naye ana utani wake.

Sasa kwenye ile njia, mahali ambapo kijito kinakata, kulikuwa na vichaka vizito, na ndani ya vichaka kulikuwa na kipwe. Ni ndege mweusi mgongoni, mweupe kifuani, mwenye mstari mweupe kwenye bawa, na hapendi kuonekana. Sauti yake inatoka kama mtu anapuliza mdomo wa chupa tupu, mara tatu polepole, na kabla haijaisha inajibiwa na nyingine ya haraka. Baba alikuwa ameshampa maneno yake. Kipwe alikuwa anasema, "Shi-ka-moo." Halafu, "Haba."

Nilimkataa ndege yule siku ileile. "Huyu hana adabu," nilisema. "Anajiamkia na anajiitikia mwenyewe."

"Nani kakwambia ni mmoja?"

"Sauti inatoka mahali pamoja."

"Wako wawili," alisema baba. "Mmoja anaamkia, mwenzake anaitikia. Mtu na mkewe."

"Nimemwona mmoja."

"Umemwona mmoja kwa sababu huwezi kukaa kimya. Nyamaza uangalie."

Nilinyamaza kwa muda ambao mtoto mbishi anaweza kunyamaza, nikamwona yuleyule mmoja akiruka kutoka tawi hadi tawi, na nikamwambia nimeshinda. Ubishi ule tuliukuza kama watu wanavyofuga mbuzi. Nilipokuwa sekondari tulibishana kwa barua. Na nyumbani kwetu neno kipwe likapata kazi nyingine kabisa: mtu anayejisifia alikuwa kipwe. Mama alikuwa na shemeji ambaye alikuwa hamalizi kikombe cha chai bila kueleza alivyosifiwa kazini, na akiondoka tu mama alikuwa anachungulia dirishani na kusema, "Kipwe ameruka."

Hayo yote yalinirudia mwaka juzi.

Nilikuwa nimestaafu ualimu Dar es Salaam. Nilifundisha shule ya msingi maisha yangu yote ya kazi, na kama kuna kitu mkono wangu unakijua ni kalamu nyekundu. Mume wangu alishatangulia, watoto wako makwao. Mama naye alikuwa ameshafariki, na baba alibaki peke yake kwenye nyumba yetu chini ya mlima, na jirani akimwangalia. Siku moja alitoka kununua chumvi, akaonekana Bigwa saa tisa alasiri, amesimama kando ya barabara, pakiti ya chumvi mkononi, anamuuliza kila anayepita kama lori la Kisaki limeshaondoka.

Kaka yangu anayeishi Mbagala alipiga simu. "Tumlete huku mjini tukae naye," alisema. Nikamjibu kwamba mtu aliyepotea kwao atapotea mara ngapi Mbagala. Nikafunga mizigo yangu, nikarudi.

Daktari aliyemwona alikuwa binti mdogo, mpole, anaongea taratibu. Alisema ni ugonjwa wa kusahau, hauna dawa ya kuurudisha nyuma, ila kuna mambo ya kumsaidia. Mtembeze kila asubuhi, njia ileile, saa ileile. Usibishane naye. Halafu akasema, bila kuniangalia, kwamba nijiandae, itafika siku hatanijua. Nilishika la kutembea. La kutobishana lilinipita pembeni. Na lile la mwisho sikulikubali. Nilirudi nyumbani nimejiwekea jambo moja tu moyoni, kwamba baba asifike mahali pa kunisahau mimi. Awasahau wengine wote, wakiwemo wajukuu, wakiwemo marais, mimi abaki ananijua.

Tulianza kutembea masika yanapoanza. Sasa hivi naitembea njia ile peke yangu, na bado masika ndiyo yananipata vibaya zaidi, kwa sababu ndege wote wanasema kwa pamoja. Asubuhi mlima unakuwa umefunikwa na ukungu mpaka kiunoni. Kina mama wanateremka kutoka vijiji vya juu na matenga ya kabichi na karoti kichwani, wanatembea kwa haraka kwenye utelezi ambapo mimi nashika miti. Baba walimwamkia wote. "Shikamoo, babu." Na baba aliwaitikia mmoja mmoja, wazi kabisa, "Marahaba, wanangu, mmeshukaje?" Mnana walikuwa wanasuka viota vyao kwenye mti wa jirani na kugombana kama wapangaji. Chozi walikuwa wanafyonza maua ya migomba. Mbayuwayu walikuwa wengi kwenye waya wa umeme, halafu siku moja hawakuwepo, wameshasafiri, na baba akasema hawakuaga.

Majina ya ndege hakuyasahau. Alisahau kama amekula. Alisahau mama amefariki, na ikabidi nimwambie mara mbili, nikaapa sitamwambia ya tatu. Lakini ukimsimamisha kwenye njia na kumuuliza huyo anayelia ni nani, alikujibu kabla hujamaliza swali.

Kila asubuhi nilikuwa na mtihani wangu wa siri. Nilimwamkia mimi kwanza, "Shikamoo, baba," kisha nasubiri. Akisema "Marahaba, mama," nilishusha pumzi. Nani mwingine aliniita mama kwa namna ile? Neno lile lilikuwa letu sisi wawili. Maadamu ananiita mama, nilijiambia, ananijua.

Kisha siku moja, katikati ya masika, nilipomfungulia pazia aliniwahi. Alikuwa amekaa kitandani, miguu imening'inia. Akainamisha kichwa, akasema, "Shikamoo, mama."

Furaha niliyoipata siwezi kuieleza. Mchezo ule hatukuwa tumeucheza tangu niolewe. Nikakaza uso ili nisishindwe, nikamjibu, "Marahaba, mwanangu. Umelalaje?" Akasema amelala vizuri. Hakucheka, na mimi nikaona kumbe bado ni fundi, ameniweza. Nilipompigia kaka jioni yake nilikuwa karibu kuimba. "Anakumbuka mpaka utani wetu wa utotoni," nilimwambia. "Nyie mlikuwa mnataka kumpeleka Mbagala."

Tuliendelea hivyo kila siku kwa wiki kadhaa. Ananiamkia, namwitikia, tunakunywa uji, tunatoka. Nilitembea nikiwa kipwe mkubwa kuliko wote, nikijisifia mwenyewe kwa mwenyewe kwamba nimemzuia baba asiende.

Halafu siku moja mvua ilikuwa imenyesha toka alfajiri na tulichelewa kutoka. Tulipofika kwenye kijito maji yalikuwa yamejaa kidogo, yanafunika yale mawe tunayokanyagia. Nilitangulia, nikajaribu kina kwa fimbo, nikageuka nimpe mkono. Baba alikuwa amesimama ukingoni, miguu pamoja, ameinua mikono yote miwili juu.

"Mama, nibebe," alisema.

Nilicheka. Nasema ukweli, nilicheka, kwa sababu nilifikiri mchezo umeongezwa kipande kipya.

"Nibebe. Viatu vikilowa baba atanichapa."

"Baba, acha utani, shika mkono."

Hakushika. Mikono ilikuwa bado juu, na macho yake yalikuwa yananiangalia bila wasiwasi hata chembe, kama mtoto anavyomwangalia mtu ambaye hajawahi kumkatalia. Ndipo nikaelewa. Hakukuwa na mchezo. Wiki zote zile kitandani alikuwa mtoto anayemwamkia mama yake asubuhi, na mama yake alikuwa anamwitikia kwa uso mkavu bila kicheko, anamuuliza amelalaje. Ishara niliyoishikilia kwamba ananijua ndiyo iliyokuwa inaniambia kila siku kwamba nimeshaondoka kichwani mwake.

Tulirudi nyumbani bila kuvuka. Sikulala.

Kesho yake alisema, "Shikamoo, mama," na mimi nikachukua kalamu nyekundu. "Mimi si mama yako, baba. Mimi ni mwanao. Mama yako alifariki zamani." Aliniangalia. Akarudia kwa sauti ya juu kidogo, kama mtoto aliyelelewa vizuri anavyofanya akidhani mkubwa hajasikia. "Shikamoo, mama."

Sikuitikia.

Siwezi kujisafisha kwa hili. Kila anayesoma Kiswahili anajua maana ya kumnyima mtu marahaba. Sisi tulipokosea sana utotoni mama hakupiga, alinyamaza tu tulipomwamkia, na siku nzima ikaharibika. Nilimfanyia baba hivyo asubuhi nyingi mfululizo, nikijiambia namsaidia kukumbuka. Nilitandaza picha mezani. Ipo moja niliyopigwa siku ya kuhitimu ualimu, nimevaa gauni la mikono mifupi na viatu vya kuazima. "Huyu nani?" nilimuuliza.

Uso wake ulifunguka. "Mwanangu huyo. Mwalimu."

"Na mimi?"

Alitazama picha, akanitazama mimi, akatafuta kwa bidii kabisa. "Wewe ni mama," alisema.

Niliionea wivu picha. Mwanamke mzima, mstaafu, nimesimama jikoni naionea wivu karatasi.

Baba akaanza kunyong'onyea. Uji aliacha nusu. Njiani hakutaja ndege, hata hua na kapu lake kuukuu alimwacha apite. Asubuhi moja, baada ya kuniamkia mara mbili na mimi kupanga nguo zake bila neno, aliuliza kwa sauti ndogo, "Nimekosa nini?" Nilitoka nje nikalia nyuma ya nyumba, kwenye ngazi ileile niliyokuwa nimeikalia na muhogo wangu. Kuanzia siku hiyo aliacha kuniamkia. Akiona pazia linafunguka aligeukia ukutani.

Hata hivyo tulitembea. Njia ileile, saa ileile, watu wawili walionuniana.

Ilikuwa kama wiki moja baadaye. Mvua zilikuwa zimeanza kupungua, majani yote yamefika kiunoni. Karibu na kijito baba alichoka, nikamkalisha kwenye jiwe, nami nikakaa pembeni yake. Sikuwa na la kusema, na kwa sababu sikuwa na la kusema nilikaa kimya muda mrefu, kimya ambacho sidhani niliwahi kukaa maisha yangu yote. Kichaka kilikuwa mbele yetu, hatua chache tu.

"Shi-ka-moo," alisema kipwe. "Haba."

Nilimwona. Alikuwa kwenye tawi kavu, wazi, kifua cheupe kimelowa umande, na kila alipoita alikuwa anainama, anainuka. Mdomo wake uliita mara tatu ukafungwa. Na ukiwa umefungwa, nauona kabisa umefungwa, ile sauti ya pili ikatoka. Nikashusha macho polepole. Chini yake, ndani ya kivuli, urefu wa kiganja tu kutoka alipo yeye, kulikuwa na jicho jingine na kifua kingine cheupe. Yule wa juu aliita tena, na yule wa kivulini akaitikia, haraka, bila kungoja, kwa sauti ambayo usipoona utaapa imetoka kooni mwa yule wa kwanza. Walifanana kila kitu. Usingeweza kusema nani mkubwa, nani mdogo, nani kati yao anayestahili kuamkiwa.

Nilikuwa nimebisha miaka zaidi ya hamsini.

Niligeuka kumwangalia baba na kumkuta ananiangalia mimi. Alikuwa ameshika kofia mapajani. Alifungua mdomo, akaufunga, kisha akasema kwa sauti ambayo tayari ilishajiandaa kukataliwa, "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu," nilisema.

Mabega yake yalishuka. Sijui alikuwa ameyabeba hivyo tangu siku gani. Akavuta pumzi ndefu, akaonyesha kichaka kwa kofia.

"Kipwe," alisema.

"Nimewaona. Wako wawili."

"Ehee." Alifurahi sana. "Wako wawili. Lakini nina binti yangu mimi, huyo hatukubaliani naye. Anasema ni mmoja."

"Ni mbishi?"

"Mbishi, mama. Mbishi mpaka kwenye barua. Unamwandikia habari za nyumbani, anakujibu habari za kipwe." Alicheka peke yake, akatikisa kichwa. "Barua zake ninazo. Nazisoma kule kituoni treni ikichelewa. Wenzangu wanasema, mwenzetu ana mke mwingine huko, hawajui ni mtoto."

Sikujua kwamba alizibeba Kisaki. Yale makaratasi ya daftari, mwandiko wa kidato cha pili, nusu yake matusi kwa ndege.

"Yuko wapi sasa?" niliuliza.

"Mjini. Anafundisha. Atakuja, yule akisema anakuja anakuja." Akasogea karibu nami kwenye jiwe, kama anataka kunipa siri. "Nilimpa jina lako. Sikuwa na kingine. Nikimwita, nakuita wewe, na nyinyi wote wawili mnaitika."

Nililia, na sikujificha, na yeye hakushangaa. Alinipangusa shavu kwa upande wa kofia, kofia ya zamani yenye harufu ya mafuta ya nazi.

Tulipokuwa tayari kuondoka tulishuka kwenye kijito. Maji yalikuwa yameshapungua lakini mawe bado yalikuwa na utelezi. Niliinama nikamfungua kamba za viatu, nikamvua soksi, nikaviweka viatu vyake na vyangu kwenye kanga, nikafunga fundo. Kumbeba nisingeweza. Nilimshika kiuno, yeye akanishika bega, tukaingia majini taratibu, miguu minne ya wazee.

Katikati ya maji alisimama.

"Mama."

"Naam, mwanangu."

"Akija na mimi niko kazini, mwambie wako wawili."

"Nitamwambia."

"Asije akabisha."

"Hatabisha tena," nilisema, na tukavuka.